Nani Aliubeba Mzinga?

Jioni moja ya Februari, mvua inanyesha Msamala na umeme umekatika, mpwa wangu alikuwa amejikunyata karibu na jiko la mkaa akitazama video kwenye simu yangu. Ana miaka kumi na mmoja. Video ilikuwa ya dakika nane, ikihesabu mizinga kumi mikubwa kuliko yote katika historia ya vita, kuanzia wa kumi kushuka hadi wa kwanza. Upande wa pili wa jiko Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

Msimulizi alipofika namba moja sauti yake ikapanda, muziki ukapanda nayo. Mzinga wa Wajerumani ulioitwa Gustav, kiwanda cha Krupp, kipenyo cha mtutu sentimita 80, uzito tani 1,350.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "sisi tulipigwa na upi kati ya hii?"

Sijafungua mdomo, Bibi akadakia. "Tani moja ni magunia mangapi?"

"Kumi, Bibi. Ya kilo mia."

"Basi hizo zake ni magunia mangapi?"

Mpwa wangu akapiga hesabu kwa vidole na midomo. "Elfu kumi na tatu na mia tano."

Bibi akaacha kuchambua. "Magunia elfu kumi na tatu. Nani aliubeba?"

Mtoto alinitazama mimi. Video haikuwa imesema. Nilikuwa na hakika haikuwa imesema, kwa sababu maneno ya video ile niliyaandika mimi.

Nieleze kazi yangu kabla sijaikosoa. Ninaandika hadithi za video kwa malipo, hadithi moja bei moja. Aliyeniagiza hii alinipa masharti mawili: isizidi dakika nane, na kila mzinga uwe na namba tatu, yaani kipenyo, uzito na umbali wa kombora. Nikafanya hivyo. Kwa hiyo makala hii ni uhakiki wa aina ya uandishi ninayoifahamu kutoka jikoni. Nawajua wapishi wake, na mmoja wao ndiye mimi.

Tuanze kwa haki. Orodha ya mizinga mikubwa ni utanzu unaofanya kazi. Una mpangilio wa kushuka unaokushika hadi mwisho. Una kiitikio, ambacho ni namba. Una wahusika wenye majina na tabia. Namba saba wangu ulikuwa ule wa Moscow, uliofuliwa mwaka 1586 na fundi Andrey Chokhov, kipenyo sentimita 89, tani 39 hivi, na ambao haukuwahi kupiga vitani; huyo ndiye mtu mzima wa maonyesho, amevaa suti hana pa kwenda. Namba tatu ulikuwa ule uliopiga Paris mwaka 1918 kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 100; huyo ni mwuaji asiyeonekana. Gustav ni jitu la mwisho kwenye ngano: kombora lake zito lilikaribia tani saba, ukapiga makombora yasiyofika hamsini huko Sevastopol mwaka 1942, na baada ya hapo haukuwa na faida ya maana. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kuacha kutazama. Hata mimi nilipoandika nilikuwa natabasamu.

Lakini swali la Bibi lilinirudisha kwenye andiko langu, nikalisoma kama mwalimu anavyosoma insha. Nikaona vitenzi vyangu. *Ulitengenezwa. Ukasafirishwa. Ukafikishwa. Ukafungwa. Ukafyatuliwa.* Dakika nane nzima hakuna mtu aliyefanya kitu. Mizinga inatembea yenyewe kutoka Ujerumani hadi Sevastopol, reli zinajitandaza zenyewe mbele yake. Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa kama jambo la sarufi: unachomeka *w* kabla ya irabu ya mwisho, mtendaji anaondoka, sentensi inabaki salama. Hatukuambiwa kwamba ile *w* ndogo inaweza kumeza watu elfu mbili.

Ajabu ni kwamba wasimulizi wa zamani walikuwa wanahesabu. Masimulizi ya kuzingirwa kwa Constantinople mwaka 1453 yanautaja mzinga mkubwa wa Sultani Mehmed, na papo hapo yanataja ng'ombe 60 walioukokota na watu 200 waliotembea kando yake kuuzuia usipinduke. Kwa macho ya mwandishi wa zama zile, ukubwa wa mzinga ulikuwa ni wingi wa mabega. Kipenyo kilikuja baadaye, pamoja na viwanda na vitabu vya mauzo. Sisi wa orodha tumerithi lugha ya muuzaji, tukaiita historia.

Karibu na kwetu mfano mzuri zaidi uko Ethiopia, na kwenye orodha yangu niliuacha kwa sababu haukutosha kwa kipenyo. Mfalme Tewodros II aliwaamuru mafundi wa kimisionari kutoka Ulaya, waliokuwa wakiishi Gafat, wamfulie mzinga mkubwa. Mwaka 1867 ukapatikana, karibu tani saba, akauita Sebastopol, jina la mji uleule ambao Gustav alikuja kuupiga miaka 75 baadaye. Kisha ikaanza kazi yenyewe: kuukokota mamia ya kilomita za milima na mabonde hadi ngome ya Magdala, kwa kamba na mikono ya watu. Walioshuhudia wanasimulia kwamba mfalme mwenyewe alishuka kufanya kazi ya barabara kwa mikono yake. Aprili 1868 jeshi la Waingereza la Robert Napier lilipofika, mzinga haukumsaidia kitu. Tewodros alijiua, ngome ikachomwa, na Sebastopol upo kule juu ya mlima hadi leo. Ukiuhukumu kwa kipigo, ni mzinga ulioshindwa. Ukiuhukumu kwa swali la Bibi, ni kati ya mizinga mikubwa kuliko yote iliyowahi kuwepo Afrika, na ni mmoja kati ya michache ambayo tunajua aliyeitaka alitoka jasho kuifikisha.

Sasa swali la mpwa wangu. Sisi tulipigwa na upi?

Jibu la kwanza linamkatisha tamaa mtoto: Ungoni haukuvunjwa na jitu lolote la kwenye orodha. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, silaha iliyowafagia watu ilikuwa bombomu, bunduki ya rashasha ambayo watu wachache tu wangeweza kuihamisha. Na hata bombomu haikuua wengi. Serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilichoma mashamba, ikachukua chakula na kuharibu maghala, hadi njaa ikamaliza kilichobaki. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliweka hesabu kati ya 250,000 na 300,000. Silaha kubwa kuliko zote iliyowahi kutumika Songea haina kipenyo. Ni ghala tupu. Hakuna video ya dakika nane itakayoiweka namba moja, kwa sababu haina picha nzuri.

Jibu la pili lina mizinga ya kweli, na linaanzia baharini. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam mwaka 1914 ikiwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Septemba 20 mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Mashine zake zilipoharibika, vipuri vya boila vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, vikarudishwa vilevile. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zikaimaliza. Wajerumani wakaizamisha, kisha wakaopoa mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam kuwekewa magurudumu. Tangu hapo mizinga ya meli ikawa mizinga ya porini. Mtutu mmoja una urefu wa mita 4.2 na uzito unaozidi tani moja, mbali na gari lake na makombora ya kilo 17 hivi kila moja. Palipokuwa na reli ilipanda reli. Pasipokuwa na reli, na ndiko kulikokuwa kwingi, mbung'o waliua wanyama wa kukokota, kwa hiyo mamia ya watu walifungwa kwenye kamba za mzinga mmoja.

Mbele ya Gustav, mizinga hii ni vitoto. Lakini ilikuwa ndiyo mikubwa zaidi ambayo jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa nayo, na hakuna mizinga iliyosafiri hivyo kwa miguu ya watu. Mmoja ulifungwa kwenye meli huko Ziwa Tanganyika, na meli hiyo iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana yuleyule wa njaa. Leo tunaiita Liemba. Mmoja unaonekana Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Kufikia mwisho wa 1917, Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, hakuwa tena na hata mmoja.

Je, kisa hiki kimesimuliwaje na wasanii? Maarufu zaidi ni filamu ya mwaka 1976, *Shout at the Devil*, iliyoongozwa na Peter Hunt kutoka kwenye riwaya ya Wilbur Smith ya 1968. Nyota wake ni Lee Marvin na Roger Moore. Meli imepewa jina jingine, Blücher, ila delta ni ileile na hadithi imetokana na ileile. Niliitazama kwa mara ya pili baada ya jioni ile, nikiwa na swali la Bibi mkononi kama tochi.

Nikiri kwanza kwamba filamu inawaonyesha wabebaji. Vipo vipande virefu vya watu wakisukuma na kuvuta mabamba ya chuma porini ili meli itengenezwe, na ni kati ya picha zenye nguvu kuliko zote humo. Tatizo ni namna kamera inavyowatazama. Iko mbali au juu. Watu wanakuwa umbo moja lenye miguu mingi, kama jongoo. Kamera ikikaribia, inamkaribia Mzungu mwenye kiboko au Mzungu anayemvizia. Hata mtumishi Mohammed, Mwafrika pekee anayekaa karibu na mashujaa kwa muda mrefu, amechezwa na Mwingereza, Ian Holm. Filamu ilitengenezwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, na inaonekana kwenye kila fremu kwamba waliokuwa wakivuta chuma pale walilipwa ili wawe mandhari. Ile *w* yangu ya kutendwa na ile kamera ya mbali ni kitu kimoja. Filamu imewaonyesha watu wakibeba, bila kumwonyesha aliyebeba.

Ndipo nikarudi kwa Abdulrazak Gurnah. *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis ametupatia kwa Kiswahili kama *Peponi*, inaishia pale Wajerumani wanapopita wakikusanya vijana kwa nguvu, na Yusuf anafanya uamuzi ambao bado wasomaji wanagombana juu yake. *Afterlives* ya mwaka 2020 inaendelea hadi ndani ya jeshi lenyewe, na Hamza anakuwa askari. Ninachokipenda ni jinsi Gurnah anavyoinyima silaha jukwaa. Vita kwake ni njaa, kidonda, matope, ofisa mwenye upendo wa ajabu na mwingine mwenye upanga. Hakuna namba tatu. Ukimaliza riwaya huwezi kutaja kipenyo cha mtutu wowote, lakini unajua paja la Hamza linauma wapi.

Hata hivyo, kwa swali la Bibi, hata Gurnah hafiki mwisho wa njia. Wapagazi wamo kitabuni. Wanatajwa, wanateseka, wanatoroka na kufa. Lakini anayepewa jina, ndoto na mapenzi ni askari. Nadhani sababu ni ya kifasihi kuliko ya kimaadili: askari ana uchaguzi, na riwaya inalishwa na uchaguzi. Mpagazi alikamatwa kijijini asubuhi, akapewa mzigo. Utaiandikaje riwaya ya mtu ambaye tendo lake lote ni kubeba, hadi pale anapoanguka? Sijui mwandishi wetu aliyeijaribu kazi hiyo kikamilifu, na naona ni pengo kubwa kuliko mapengo mengi tunayoyalalamikia kwenye makongamano.

Maana si watu wachache. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi karibu milioni moja walitumika katika vita vile vya Afrika Mashariki, na karibu 100,000 hawakurudi. Upande wa Wajerumani hesabu ni mbovu zaidi, kwa sababu hapakuwa na aliyejali kuandika. Wengi hawakuuawa na mzinga wowote. Waliuawa na kuhara, baridi, njaa na mzigo. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko: Kariakoo, kutokana na lile neno la Kiingereza la kikosi cha wabebaji. Tunakwenda pale kununua viatu na chaja, tunagongana na wahamali wenye magunia mgongoni wakipiga kelele "njia, njia!", na hatusikii kwamba mtaa wenyewe unaongea. Katikati ya jiji hilohilo, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya Askari na bunduki yake. Mtu wa mzigo hakupata shaba.

Siku mbili baada ya ile video nilimpeleka mpwa wangu Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Ilikuwa karibu na tarehe 27 Februari, siku tunayowakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Alitafuta mzinga. Akaona mikuki na ngao, akaona sanamu za manduna, akasimama kimya kwenye kaburi la pamoja. Pale ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Songea Mbano. Ni mahali pa walionyongwa, na panafanya kazi yake kwa heshima. Si kosa la kaburi hilo kwamba wafu wa miaka kumi baadaye hawamo. Wale hawakunyongwa mahali pamoja. Wametawanyika kando ya njia zote kutoka Ruvuma hadi Mbala, mmoja mmoja, na hakuna mnara unaoweza kuwa mrefu kama njia.

Tukirudi, mpwa wangu akiwa amebanwa katikati yangu na dereva wa bodaboda, akasema kwa sauti ya kushinda injini, "Kwa hiyo Mjomba, sisi hatukuwa na mzinga hata mmoja?"

Nikamwambia tulikuwa nayo mingi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: gogo lililotobolewa linaloning'inizwa mtini ili nyuki waingie, na chuma kilichotobolewa ili kombora litoke. Walioona mzinga wa vita kwa mara ya kwanza waliutazama, wakauita kwa jina la kitu walichokijua, kitu cha asali. Siku hizi vijana tumeongeza maana: kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela. Na rais mgeni akija tunampigia mizinga 21, isiyoua. Huo nao ni uhakiki, tena uliofanywa na lugha nzima bila kuitisha semina. Imekichukua kitu cha kutisha, ikakirudisha kwenye asali, kwenye chupa, kwenye utani. Ninachohofia ni kwamba orodha zetu zinafanya safari ya kurudi. Zinachukua neno lenye nyuki ndani, zinaliacha na tani tu.

Usiku ule nilimwuliza Bibi kuhusu babu yake. Nilikuwa nimesikia vipande tangu utotoni, sikuwahi kuuliza kwa mfululizo.

"Alichukuliwa," akasema.

"Na nani, Bibi?"

"Na Wazungu."

"Wajerumani au Waingereza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya mvua. "Walikuja hawa, wakaja wale, wakarudi wale. Mama alisema walikuja na kamba."

"Akabeba nini? Mzinga?"

"Alibeba."

Nikangoja kitu cha kufuatia. Hakikufuata. Kwa Bibi sentensi ilikuwa imekamilika: kitenzi kina mtendaji, kimetendeka. Alibeba. Kisha akanitajia jina lake, ambalo naliacha nyumbani, na akaniambia kwamba mkewe aliendelea kumtengea chakula hadi aliposhauriwa na wazee aache.

Sitadai kwamba babu huyo alivuta mzinga wa Königsberg. Labda alibeba unga, labda sanduku la ofisa, labda machela yenye mgonjwa. Kumkabidhi mzinga ili hadithi yangu ipendeze kungekuwa kumbebesha mara ya pili.

Nilichofanya ni kidogo. Nilifungua andiko langu la mizinga kumi, nikaanza kuondoa *w* moja baada ya nyingine. *Ulifikishwa* ikawa *waliufikisha*, halafu nikalazimika kutafuta ni akina nani. Kwa Gustav nilipata maelfu ya watu waliotandaza reli na kuujenga. Kwa Sebastopol nikapata mfalme na watu wake. Nikaongeza wa kumi na moja, mizinga kumi ya sentimita 10.5, na pale penye uzito nikaandika mamia ya watu kwenye kamba moja. Andiko likafika dakika kumi na tatu. Aliyeniagiza akajibu kwa ufupi: ni refu, na huo wa mwisho ni mdogo mno, utauwekaje na majitu?

Bado sijamjibu. Mpwa wangu aliisoma rasimu hiyo kwa sauti, jikoni, umeme ukiwa umerudi. Alipofika wa kumi na moja Bibi aliweka ungo chini, akamwambia arudie hapo penye kamba.